Binti yangu aliyeko Uswidi amekuwa wa kulala tu, eti ni giza

Shangazi, salamu nyingi kutoka Moshi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi mtaa wa Soweto na nauza vitenge na mashuka pale Mbuyuni. Mume wangu alitangulia mbele za haki watoto wakiwa bado wadogo, kwa hiyo wamelelewa na mimi pamoja na ndugu wa baba yao. Mwanangu wa pili, binti wa miaka 25, alipata ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili Uswidi, kwenye mji unaoitwa Umeå. Aliondoka mwishoni mwa Agosti. Ukoo mzima ulimsindikiza uwanja wa ndege wa KIA, na shemeji yangu, yaani baba yake mdogo, ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya nauli.

Septemba na Oktoba mambo yalikuwa mazuri. Kila jioni alinipigia ananionyesha mto, baiskeli aliyonunua kwa mtu, miti iliyogeuka rangi ya dhahabu. Ilipoingia Novemba sauti yake ikaanza kubadilika. Simu zikapungua. Ujumbe namtumia asubuhi, unajibiwa kesho yake, tena kwa neno moja: "Nipo."

Shangazi, huyu si mtoto wa kitanda. Hapa nyumbani alikuwa wa kwanza kuamka. Wengine tunafumbua macho, yeye ameshafagia uwanja, chai iko jikoni na redio inaongea. Kwaya ya vijana kanisani alikuwa anaimba sauti ya pili na hakosi mazoezi. Sasa nikimpigia saa tano asubuhi, ambayo kwao ni saa tatu, yuko chini ya blanketi. Nikimpigia saa kumi jioni, kwao saa nane mchana, ameshavua viatu amerudi kitandani, na dirishani nyuma yake naona giza limeshaanza kuingia kama la magharibi. Ananiambia analala hata saa kumi na moja kwa siku na bado anaamka amechoka. Amenenepa mashavu. Yeye mwenyewe anasema anakula mkate na biskuti mfululizo, hashibi. Masomo ameanza kuachwa nyuma.

Krismasi ndiyo iliyonikata maini. Unajua sisi Wachaga, Desemba hakuna anayebaki mjini. Tulikuwa kihambani Kibosho, wa Dar wamekuja, wa Mwanza wamekuja, mbuzi amechinjwa, machalari jikoni. Tukampigia ili asalimie watu. Akapokea, akasema "Shikamooni," akaanza kulia, akakata simu. Basi sherehe ikageuka kikao. Shemeji yangu akasema huyo ama ana mimba ama amepata uvivu wa Ulaya, na kama hasomi arudi, yeye hatoi tena hata shilingi. Mke wa kaka yangu akasema mtoto amechezewa, kwamba kuna watu kijijini hawakufurahia safari ile. Mchungaji wetu amesema atamwekea siku ya maombi.

Baada ya siku chache binti akaniandikia ujumbe mrefu. Alisema: "Mama, siumwi malaria, sina mimba, na hakuna mtu aliyeniudhi. Ni giza. Jua halipo. Hata wenyeji wanaijua hali hii. Kuna taa maalumu ya kutibu, nisaidie nusu ya pesa ninunue." Taa yenyewe kwa pesa zetu ni kama laki tatu na nusu. Shangazi, taa ya laki tatu na nusu, na chumbani kwake kuna taa!

Niambie ukweli. Giza linaweza kweli kumfanya mtu mzima awe hivi, au kuna jambo ananificha? Nimwambie arudi? Na kuna jirani anasafiri kwenda huko Februari, nafikiria kumpa dawa ya mitishamba ampelekee, ile ya kuongeza nguvu. Nifanye nini?

Mama mwenye wasiwasi, Moshi

JIBU

Mama, pole sana. Nianze na swali linalokunyima usingizi: binti yako hakudanganyi. Giza linaweza kumfanya mtu mzima, mchapakazi, mcha Mungu, awe hivyo hivyo ulivyoeleza. Limewafanya hivyo watu wengi waliozaliwa hukohuko, sembuse mtoto wa Moshi.

Tuanze na mahali alipo. Sisi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Umeå iko karibu nyuzi 64 kaskazini. Kwetu Moshi na Arusha, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote katika mwaka haifiki nusu saa. Jua linachomoza kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, Januari kama Julai, na hakuna anayelishukuru kwa sababu halijawahi kutukosa. Kule, tarehe 21 Desemba, linachomoza kama saa 3:20 asubuhi na kuzama kabla ya saa 8 mchana. Mchana wote ni kama saa nne na nusu. Tena hata saa sita linakuwa juu ya mapaa kidogo tu, nyuzi 3 hivi kutoka upeo wa macho, linaambaa pembeni kisha linashuka. Wingu likiwepo, hulioni kabisa. Mwanafunzi anaingia darasani gizani na kutoka gizani, na ule muda mfupi wa jua ameupitisha ndani ya ukumbi wa mihadhara. Lile giza uliloliona dirishani saa nane ya mchana, mama, halikuwa pazia.

Najua utaniambia hata sisi tuna miezi ya mawingu. Kweli, Juni hadi Agosti watu wa Kibosho na Machame wanaweza kukaa siku nyingi hawauoni mlima, wanatembea na masweta, na kila mtu amenuna kidogo. Lakini mchana wetu bado ni wa saa 12, na mwanga unaopita kwenye wingu la Moshi saa sita mchana ni mkali kuliko taa yoyote uliyonayo ndani. Mwili wa binti yako umekua miaka 25 kwenye mwanga huo. Haujawahi kufundishwa kitu kingine.

Sasa mwili unafanyaje. Ndani ya ubongo, nyuma ya macho, kuna saa inayopanga lini tulale na lini tuchangamke. Saa hiyo inarekebishwa kila siku na mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Nyuma ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha sura za watu bali kuupa ubongo taarifa kwamba kumekucha. Taarifa ikifika, homoni ya usiku iitwayo melatonini inashuka na mtu anaamka vizuri. Isipofika, mwili unabaki unamsubiri jogoo asiyewika. Mtu anatembea, anasoma, anajibu simu, huku ndani yake bado ni alfajiri. Kemikali nyingine ya ubongo iitwayo serotonini, inayohusika na utulivu wa moyo na hamu ya chakula, nayo huyumba majira haya. Ndiyo maana mgonjwa wa hali hii mara nyingi haachi kula. Anatamani wanga na sukari, mkate, biskuti, viazi, na uzito unaongezeka. Huo si ulafi. Na usingizi wa saa kumi na moja usiomaliza uchovu si uvivu. Mvivu akilala anaamka ameridhika.

Mwambie shemeji yako pia habari hii, kwa sababu inamhusu Mwafrika mwenzetu. Daktari aliyeufanya ulimwengu wa tiba uichukulie hali hii kwa uzito anaitwa Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini, nchi yenye jua la kutosha. Mwaka 1976 alihamia New York kwa kazi na masomo. Majira ya baridi yalipoingia akajikuta hana nguvu, kazi zinamlemea; machipuko yalipofika akarudi kuwa mtu yuleyule wa zamani. Mwaka 1984 yeye na wenzake katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walichapisha maelezo ya ugonjwa huo na jinsi ya kuutibu kwa mwanga. Sisi tunaweza kuuita sonona ya majira ya baridi, yaani ugonjwa wa huzuni nzito unaokuja na majira hayo. Na New York, mama, iko nyuzi 40 tu. Binti yako ameipita mbali.

Yeye amekwambia hata wenyeji wanaijua hali hii. Wanaijua sana. Mwaka 2012, hapohapo Umeå, kampuni ya umeme ya mji iliondoa matangazo kwenye vituo vya basi kama 30 ikaweka taa za tiba, watu wapate mwanga wakati wanasubiri basi. Norway nako, mji wa Rjukan umezibwa na milima kiasi kwamba miezi karibu sita jua haligusi mtaa. Mwaka 2013 walifunga vioo vikubwa mlimani vinavyolirudisha jua kwenye uwanja wa mji. Watu hawatumii fedha za umma namna hiyo kwa ajili ya uvivu wa watoto.

Hapa ndipo ilipo taa yako ya laki tatu na nusu. Nguvu ya mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho lux. Chumba chenye taa ya kawaida usiku kina lux mia moja hadi mia tatu hivi. Ofisi yenye taa nyingi, kama mia tano. Nje hapa Moshi saa sita, jua likiwa wazi, mwanga unaweza kukaribia lux 100,000. Jicho linatudanganya kwa sababu linajirekebisha haraka, tunadhani sebuleni kuna mwanga wa kutosha, kumbe ubongo bado unahesabu ni usiku. Taa ya tiba inatoa lux 10,000 kwa mtu aliyeketi karibu nayo. Kwa hiyo hakuomba taa juu ya taa. Kama unaweza, changia. Kuna tiba nyingine nyingi za gharama zaidi ya hiyo, na hii mara nyingi mtu huanza kuona nafuu ndani ya wiki moja au mbili.

Ila asinunue yoyote iliyoandikwa tu kwamba ni ya kuleta furaha. Achague iliyoandikwa lux 10,000 pamoja na umbali wa kukaa, na inayochuja miale ya urujuanimno (UV) isidhuru macho na ngozi. Aitumie asubuhi, ndani ya saa moja baada ya kuamka, dakika 20 hadi 30, ikiwa mezani mbele yake kidogo pembeni. Macho yawe wazi lakini asiikodolee. Anaweza kunywa chai huku anasoma. Asiwashe jioni, itamfukuzia usingizi na kuharibu kila kitu. Na kabla ya kuanza amwambie daktari kama ana ugonjwa wa macho, kama anatumia dawa yoyote, au kama yeye au ndugu wa damu amewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, mtu halali siku kadhaa, anaongea bila kikomo, anatapanya fedha. Kwa mtu wa namna hiyo taa inaweza kumwamsha kupita mpaka. Hili ni la wewe kujibu, mama, kwa sababu historia ya ukoo unaijua kuliko yeye. Usimfiche hata kama ni jambo ambalo nyumbani halisemwi.

Daktari ni lazima, na sisemi hivyo kutimiza wajibu. Hii ni baridi yake ya kwanza. Madaktari hulipatia jina rasmi tatizo hili linapojirudia majira yaleyale angalau miaka miwili mfululizo, kisha kuondoka lenyewe jua likirudi. Kwa sasa kinachoonekana kinafanana nalo mno, lakini uchovu na usingizi vinaweza kutokana pia na upungufu wa damu au tezi ya shingo kufanya kazi polepole, na upweke wa ugenini nao una uzito wake. Damu ipimwe. Hata kipimo cha mimba, daktari akikitaka, kifanyike kama vipimo vingine. Kikifanywa na daktari ni huduma, kikidaiwa na baba mdogo mbele ya wageni wa Krismasi ni aibu. Chuoni kuna huduma ya afya ya wanafunzi, aanzie hapo. Namba 1177 ni ya ushauri wa afya kwa nchi nzima, anapiga anaelezwa aende wapi. Wakimwona amezidiwa, kuna tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa kwa ajili ya hali hii hasa, na kuna dawa za sonona. Akiandikiwa dawa, naomba familia isimtishe kwamba ameanza kunywa dawa za vichaa. Maneno hayo yamewafanya vijana wengi wazimwage chooni.

Aulizie pia vitamini D. Ngozi yetu nyeusi ni kinga nzuri ya jua kali, lakini inahitaji jua zaidi ili itengeneze vitamini hiyo, na kule jua la baridi liko chini kiasi kwamba kwa miezi kadhaa ngozi haitengenezi kitu. Ile taa haisaidii hapo, kwa kuwa imechujwa miale hiyohiyo. Vidonge, samaki wenye mafuta kama salmoni, na maziwa ya dukani, ambayo Uswidi huongezewa vitamini D, ndiyo njia. Asitegemee kwamba vidonge peke yake vitamrudishia furaha. Ni afya ya mifupa na mwili, ni kazi tofauti na ya taa, na vyote viwili anavihitaji.

Sasa tuje kwako, maana hapa ndipo penye kazi ambayo hakuna daktari wa Uswidi atakayeifanya.

Badilisha saa za kumpigia. Majira haya wao wako nyuma yetu saa mbili. Saa 3:30 asubuhi ukiwa umeshafungua kibanda, kwake ni saa 1:30. Mpigie hapo, kila siku, hata Jumapili, umwamshe kama ulivyomwamsha akiwa mdogo siku za shule. Kuamka saa ileile kila siku ni nusu ya tiba. Usikate mpaka umeona taa imewashwa na kikombe kiko mezani. Simu ya dakika tatu inatosha. Halafu saa nane mchana ya Moshi, ambayo kwake ni saa sita, umpigie ya video na umwambie unataka kuiona theluji. Atalazimika kutoka nje. Mwanga wa nje saa sita, hata wa kijivu, unaushinda wa ndani mara nyingi, na theluji inaurudisha juu badala ya kuumeza. Muonyeshe na wewe soko: nani amekuja kuulizia kitenge, nani anadai chenji. Anahitaji kuwa ndani ya maisha ya nyumbani, si kuwa mada yake.

Maneno nayo tuyachague. "Bado umelala?" ni swali la mahakamani. "Wenzako wanatafuta nafasi hiyo" ni kweli tupu na halimwinui mtu kitandani, linamzika zaidi. Muulize, "Umetoka nje leo mwanangu?" Akisema hakuweza, mwambie, "Haya, kesho tutatoka pamoja kwenye simu." Akilia, mwache alie ukiwa upo. Wewe ulitaja kwaya. Uswidi ni nchi ya kwaya, makanisa mengi na vyuo vingi vinazo, na kuimba hakuhitaji Kiswidi fasaha, wengi husoma noti tu. Mwombe atafute moja yenye mazoezi ya jioni, siku ambayo angekuwa amejifungia. Nina imani kubwa na jambo hili kwa mtu mwenye historia kama yake.

Kuhusu kurudi: hapana, usimwite. Kwanza, jua lenyewe linarudi. Unaposoma jibu hili mwishoni mwa Januari, mchana wa Umeå umeshafika karibu saa saba. Mwishoni mwa Februari utakuwa saa kumi, na Machi 20 watakuwa wamelingana na sisi. Juni utapita saa 20, hapo atakulalamikia kwamba hapati usingizi kwa mwanga. Kumtoa sasa ni kumpokonya shahada pale mlima unapoanza kushuka. Lakini iwapo daktari atasema apumzike, au yeye mwenyewe akisema kwa akili timamu kwamba anataka kuja, mlango uwe wazi na asikute kikao kinamsubiri. Weka pia akilini: katikati ya Mei mchana kule unapita saa 17. Kama wakati huo bado yuko vilevile, basi si baridi peke yake, na daktari aanze upya kutafuta.

Shemeji yako usigombane naye. Amebeba nauli, ana haki ya kuogopa kwamba jasho lake linapotea. Mweleze hesabu ya mchana wa saa nne na nusu, wanaume wengi wanaelewa namba kabla ya machozi. Mke wa kaka yako mwambie kwa upole kwamba huko binti aliko, wenyeji wasiojua hata Kibosho iko wapi wanaumwa hivihivi kila Desemba. Hakuna aliyewatumia kitu. Mchungaji mshukuru na umwombe maombi yaendelee, tena amwombee mtoto apate nguvu ya kwenda kwa daktari. Akimpigia simu kumwambia hivyo kwa mdomo wake mwenyewe, itamsaidia kuliko siku nzima ya mkesha asiyoiona.

Kuna jambo moja ambalo usilisubirishe. Ukisikia kauli kama "bora nisingekuwepo" au "mtapumzika na mimi," au ukiona anaaga watu na kugawa vitu vyake, muulize waziwazi: "Mwanangu, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, kunampa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, asibaki peke yake hata saa moja. Apige 112, au mwenzake wa bweni apige. Kwa hiyo leo hii muombe namba ya rafiki mmoja na ya jirani wa chumba, uziandike kwenye daftari la dukani. Na wewe mwenyewe, kama usingizi umekukimbia tangu Krismasi, hospitali ya KCMC iko hapohapo mjini na kuna watu wa afya ya akili. Hutakuwa umemwacha mtoto ukienda kujitazama.

Mitishamba usimtumie. Mizizi na unga visivyojulikana kipimo chake vinaweza kugombana na dawa atakazoandikiwa, na forodhani jirani yako ndiye atakayetakiwa kueleza ule unga ni wa nini. Nyama na maziwa pia abiria haruhusiwi kuingiza Ulaya. Mpe jirani kitenge kipya chenye rangi kali, dagaa wakavu waliofungwa vizuri, na pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro. Mwambie tu binti kahawa hiyo aishie mchana, maana akiinywa jioni atakesha na asubuhi simu yako ya saa 3:30 haitapokelewa.